Namna ya Kutazama Filamu za Zamani Kuhusu Maisha ya Wavuvi Baharini

Filamu za zamani zinazosimulia maisha ya wavuvi huwapoteza watazamaji wengi ndani ya nusu saa ya kwanza. Mtu anakaa akisubiri dhoruba, na kabla dhoruba haijafika anaonyeshwa watu wakitia chambo kwenye ndoana, wakipiga makasia, wakipasua samaki na kuwapanga kwenye chumvi. Na kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba kisa kiko hapo hapo, anaona kama mwongozaji anamchelewesha. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtazamaji huyo. Ninachotaka kumwonyesha ni kwamba katika filamu hizi hadithi imefumwa ndani ya kazi yenyewe, na anayeifuatilia kazi kwa makini, akajua nani anafanya nini, chombo ni cha nani na bei ya samaki inapangwa na nani, atauona msiba unakuja kabla wahusika wenyewe hawajaanza kuutaja.

Nitatumia zaidi filamu mbili. Ya kwanza ni Captains Courageous, iliyoongozwa na Victor Fleming kwa ajili ya studio ya MGM ya Marekani mwaka 1937, ambayo ilimpatia Spencer Tracy tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kiume. Ya pili ni La terra trema ya Luchino Visconti, ya mwaka 1948, iliyopigwa katika kijiji cha Aci Trezza kisiwani Sisilia, ambamo wanaoigiza ni wanakijiji wenyewe, watu ambao uigizaji haukuwa kazi yao. Moja ilitengenezwa na studio yenye fedha, nyota na mafundi wa kila aina; nyingine ilitengenezwa kwa kuwafuata wavuvi mahali wanapoishi. Itanilazimu kueleza mambo yanayotokea hadi mwisho. Filamu za aina hii haziharibiki kwa kujulikana mwisho wake, na mara nyingi anayeujua mwisho ndiye anayefaidika zaidi.

Nakala, skrini na chumba

Kabla ya kukaa kitako, hakikisha kwamba nakala uliyoipata ni nzima. La terra trema kamili inazidi saa mbili na nusu. Baadaye ilitolewa pia ikiwa imefupishwa na kuwekewa sauti za Kiitaliano sanifu, na nakala hiyo ni filamu nyingine kabisa, kwa sababu wavuvi wa Aci Trezza wanazungumza Kisisilia chao ambacho hata Waitaliano wengi hawakukielewa, na maandishi ya mwanzoni mwa filamu yanamweleza mtazamaji kwamba huko Sisilia Kiitaliano si lugha ya maskini. Ukiwaondolea wavuvi lugha yao umeondoa jambo ambalo mwongozaji alilitanguliza mbele ya yote. Sauti ya msimulizi inayosikika kwa Kiitaliano katika nakala kamili iliwekwa ili kumsaidia mtazamaji wa nje, na ni vizuri kusikiliza jinsi inavyotofautiana na sauti za watu wanaoonekana. Captains Courageous nayo inakaribia saa mbili. Ukiona yako ni fupi zaidi kwa kiasi kikubwa, tafuta nyingine.

Umbo la picha lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Filamu za zama hizo zilipigwa kwa umbo ambalo upana wake unazidi urefu kwa kiasi cha theluthi moja tu, ilhali televisheni za sasa ni pana zaidi. Picha ikikaa sawasawa, pande zote mbili za skrini zitabaki nyeusi, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Baadhi ya televisheni huivuta picha ijaze skrini, na nyingine huikata juu na chini. Kwa filamu ya wavuvi kasoro zote mbili ni kubwa: picha iliyovutwa inaufanya mlingoti kuwa mfupi na mnene, na iliyokatwa inauondoa mlingoti kileleni, mahali ambapo mabaharia hupanda na ambapo, kama tutakavyoona, mtu atakufa. Ingia kwenye mipangilio ya televisheni, chagua umbo la asili la picha, kisha zima kile kipengele kinacholainisha mwendo, maana kinayafanya mawimbi yaonekane kama yametengenezwa kwa kompyuta.

Zima taa. Sehemu kubwa ya uvuvi katika filamu ya Visconti unafanyika usiku au alfajiri, na mwanga pekee unaoonekana ni wa taa zilizofungwa kwenye mashua; chumba kikiwa na mwanga mwingi, utaona weusi tu na utadhani nakala ni mbovu. Kuhusu sauti, vinasa sauti vya wakati huo havikuweza kunasa sauti nyembamba sana wala nzito sana, hivyo kuongeza ukali wa sauti kunaongeza mikwaruzo tu, wala hakuongezi maneno yanayosikika.

Kama filamu yako ni ya kimya, yaani ya miaka ya 1920 au kabla yake, mtazame mpiga makasia. Akivuta kwa kasi isiyowezekana kwa mwili wa binadamu, jua kwamba filamu hiyo ilipigwa kwa picha chache kwa sekunde, pengine 16 au 18, na sasa inaendeshwa kwa kasi ya 24 iliyozoeleka baada ya sauti kuingia kwenye sinema. Programu nyingi za kuchezea video zinakuruhusu kupunguza mwendo, na ni bora upunguze hadi kasia liingie na kutoka majini kwa uzito wake.

Ijue kazi kabla ya kuifuata hadithi

Sehemu hii inastahili muda wako kuliko nyingine zote. Si lazima uwe umewahi kuvua. Unahitaji kujua mambo machache kuhusu aina ya uvuvi unaoonyeshwa, na mambo hayo unaweza kuyapata kabla ya filamu kuanza.

Chukua Captains Courageous. Chombo kinachoitwa We're Here ni skuna, yaani jahazi la matanga lenye milingoti zaidi ya mmoja, kutoka bandari ya Gloucester katika jimbo la Massachusetts, na kinakwenda kuvua chewa kwenye maji ya Grand Banks, karibu na Newfoundland. Skuna yenyewe haitupi nyavu. Sitahani imebeba mashua ndogo zenye kitako bapa, zilizopangwa moja ndani ya nyingine kama sufuria kabatini, na kila siku hali inaporuhusu zinashushwa majini zikiwa na mvuvi mmoja au wawili, ambao huenda mbali na jahazi na kurudi na samaki wao. Hatari yao kubwa kwa siku za kawaida ilikuwa ukungu, kwa sababu aliye kwenye mashua ndogo akishapotewa na jahazi hana chakula cha kutosha wala maji, na pia zilikuwapo meli kubwa za abiria zilizokuwa zikipita maeneo hayo hayo. Samaki walipasuliwa, wakaondolewa mifupa ya mgongo na kutiwa chumvi chini ya sitaha. Hapakuwa na majokofu, kwa hiyo kiasi cha chumvi kilichobebwa ndicho kilichoamua safari itadumu muda gani. Na jambo la mwisho, ambalo ni kubwa kuliko yote: mabaharia hawakulipwa mshahara wa mwezi, walipata mgao kutokana na mauzo ya samaki.

Kwa maarifa hayo, itazame tena hadithi. Harvey Cheyne, mtoto wa tajiri anayeigizwa na Freddie Bartholomew, anaanguka kutoka kwenye meli ya abiria na kuokolewa na Manuel, mvuvi Mreno anayeigizwa na Tracy. Mtoto anataka arudishwe nchi kavu mara moja, akiahidi kwamba baba yake atalipa. Nahodha Disko Troop, anayeigizwa na Lionel Barrymore, anakataa. Asiyejua habari ya mgao na chumvi atamwona nahodha huyu kuwa mtu mkavu wa moyo. Anayejua ataelewa kwamba kurudi bandarini chombo kikiwa nusu tupu ni kuzinyang'anya familia za watu wote waliomo riziki ya msimu mzima, kwa sababu ya neno la mtoto ambaye hakuna awezaye kulithibitisha. Uamuzi wa nahodha ni wa haki, na filamu nzima inakaa juu ya haki hiyo.

Kuna onyesho moja ambalo ningependa ulitazame kwa utulivu mkubwa, nalo ni lile la mshipi wa Long Jack. Baadhi ya wavuvi hawa wanatumia mshipi mrefu ambao umefungwa mishipi mingine mifupi mingi, kila mmoja ukiwa na ndoana yenye chambo. Mshipi huo hukunjwa duara juu ya duara ndani ya pipa lililokatwa nusu, kwa mpangilio ambao lazima ufuatwe, ili unapotupwa majini ufunguke wenyewe bila kukwama. Mvuvi amekaa kando ya pipa hilo wakati mshipi unakimbia kwenda baharini, na ndoana zinaruka moja baada ya nyingine karibu na mikono yake. Sasa, Manuel amewekeana dau na Long Jack, anayeigizwa na John Carradine, kuhusu nani atavua samaki wengi zaidi. Harvey, ambaye kwa mara ya kwanza maishani mwake ana rafiki anayetaka kumfurahisha, anakwenda kuuvuruga mshipi wa Long Jack ili Manuel ashinde. Matokeo yake ni kwamba ndoana zinazama kwenye mkono wa Long Jack.

Mtazamaji ambaye pipa lile halimwambii kitu ataona utundu wa mtoto ulioleta ajali. Aliyelielewa pipa atashtuka tangu mtoto anapolikaribia, kwa sababu anajua kwamba mpangilio wa duara zile ndio usalama wa mvuvi. Ushauri wangu ni kwamba kila pipa la mishipi linapoonekana sitahani, hata kama mazungumzo yanaendelea mahali pengine kwenye picha, lipe jicho. Tazama mikono inayokunja na ulinganishe na mikono ya mtoto inayovuruga. Waandishi wa filamu hii walielewa kwamba mtoto aliyelelewa katika nyumba yenye watumishi hajawahi kuona kitu ambacho kikiharibiwa kitamuumiza mwingine, na hawakumweleza jambo hilo kwa hotuba, walitumia ndoana.

Hali ni hiyo hiyo mwishoni. Wavuvi wanarudi nyumbani wakishindana na skuna nyingine iitwayo Jennie Cushman, na nahodha hataki kupunguza matanga ingawa upepo ni mkali. Huu si mchezo wa fahari peke yake, maana chombo kilichotangulia kufika kiliwahi soko kabla halijajaa samaki. Mlingoti unavunjika juu, Manuel anaanguka nao akiwa amenaswa kwenye kamba na matanga ndani ya maji, na wenzake hawawezi kumwokoa. Ukishaifuata kazi tangu mwanzo, kifo hiki hakitakujia kama balaa iliyotoka mbinguni. Kimetokana na soko, na fahari ya nahodha ikakiongezea nguvu.

Mizani na mwenye chombo

Kwa La terra trema njia ya kutazama inabadilika kidogo, kwa kuwa hapa kazi ya baharini inaonyeshwa muda mfupi kuliko kazi ya nchi kavu. Familia ya Valastro wanavua usiku kwa taa: mwanga unawavuta dagaa karibu na uso wa maji, kisha wavu unawazungushia. Alfajiri mashua zinarudi, na wanunuzi wa jumla wako ufukweni tayari. Hapo ndipo filamu inapoanza, na hapo ndipo watazamaji wengi wanapochoka, maana wanasikia kelele za watu wengi kwa pamoja na hawaelewi nani anabishana na nani.

Usihangaike kukamata kila neno. Jiulize nani kati ya watu hawa anaweza kusubiri. Mvuvi amekesha, samaki wake wataoza jua likipanda, na nyumbani kuna watoto wanaotaka kula. Mnunuzi amelala usingizi wake, na asiponunua kwa huyu atanunua kwa yule. Bei inatokana na tofauti hiyo ya nani anaweza kusubiri, na mizani iliyo mikononi mwa mnunuzi inaongezea tu. Ukishaliona jambo hili katika dakika za mwanzo, saa mbili zinazofuata zitakuwa wazi kwako.

Ntoni, kijana mkubwa wa familia, ndiye anayeliona. Anainyakua mizani na kuitupa baharini, ghasia zinazuka, vijana wanakamatwa. Kisha linatokea jambo ambalo usiliache lipite: wanunuzi wenyewe ndio wanaotaka vijana waachiwe, kwa sababu wavuvi wakiwa gerezani hakuna wa kwenda baharini. Ntoni anajifunza kutokana na hilo kwamba wanunuzi wanamhitaji, na anahitimisha kwamba familia inaweza kufanya kazi bila wao. Wanaiweka nyumba rehani benki ili wajitegemee kwa chombo chao wenyewe.

Muda mfupi baadaye wanapata dagaa wengi, na ukoo mzima unakusanyika kuwatia chumvi. Hili ndilo onyesho ninalolipenda kuliko yote katika filamu hii, na ninakushauri ulitazame ukikumbuka swali la kusubiri. Dagaa mbichi wanamlazimisha mvuvi kuuza leo. Waliotiwa chumvi wanamruhusu kuuza mwezi ujao. Furaha unayoiona kwenye nyuso za wanawake na watoto, mikono ikienda haraka, wakipanga samaki tabaka kwa tabaka, ni furaha ya watu ambao kwa mara ya kwanza wamepata muda mikononi mwao. Chumvi kwenye jahazi la Gloucester iliamua urefu wa safari. Hapa inaamua kama mvuvi atakuwa huru au hatakuwa huru.

Lakini deni la benki nalo lina tarehe zake. Ndiyo maana wanakwenda baharini hali ya hewa ikiwa mbaya, na chombo kinaharibika. Angalia kwamba Visconti haonyeshi sana mapambano ya watu na mawimbi. Anasimama nchi kavu, pamoja na wanawake waliojifunika nguo nyeusi juu ya miamba wakitazama bahari. Mtazamaji aliyezoea filamu za Hollywood huona kama amenyimwa kilele cha hadithi. Kwa maoni yangu mwongozaji alikuwa sahihi, kwani dhoruba haikuwa adui mkuu wa familia hii. Baada ya dhoruba wako hai wote. Kinachowamaliza ni kinachofuata, yaani wanunuzi kuwapa bei ya dhuluma kwa dagaa wao wa chumvi, milango ya kazi kufungwa, nyumba kuchukuliwa, na Cola, mdogo wake Ntoni, kuondoka kijijini.

Mwisho wa filamu, Ntoni anakwenda na wadogo zake kuomba kazi kwa wale wale aliowatupia mizani baharini, nao wanamcheka. Tazama kuta za chumba hicho, ambapo bado yanaonekana maandishi ya zama za Mussolini, dikteta wa Kifashisti wa Italia. Visconti hakuficha upande aliosimama: filamu ilianza kwa msaada wa fedha za Chama cha Kikomunisti cha Italia, na ilikusudiwa iwe sehemu ya kazi ya sehemu tatu zikiwahusu wavuvi, wachimba migodi na wakulima, ingawa sehemu ya wavuvi peke yake ndiyo iliyokamilika. Kulijua hilo kunamsaidia mtazamaji aelewe kwa nini kamera inarudi tena na tena kwenye mizani, na pia kunampa nafasi ya kuuliza kama wanunuzi wameonyeshwa kwa haki.

Bahari ya kweli na bahari ya studio

Baada ya muda utaanza kutofautisha picha zilizopigwa baharini na zile zilizopigwa studio, na ni stadi nzuri kuwa nayo. Kamera za wakati huo zilikuwa nzito, na upepo uliharibu sauti, hivyo studio kubwa zilituma kikosi cha wapiga picha baharini kuleta picha za mawimbi na vyombo, halafu waigizaji waliwekwa kwenye kipande cha sitaha ndani ya jengo, na nyuma yao ikarushwa picha ya bahari kwenye skrini. Ishara ya kwanza ni upepo: nywele za mwigizaji zinaelekea upande mmoja na matanga yaliyo nyuma yake yamejaa kutoka upande mwingine. Ya pili ni mwanga, kwani usoni mwanga ni laini na hauna kivuli kikali, ilhali bahari iliyo nyuma iko kwenye jua la mchana. Ya tatu ni mstari wa upeo wa macho, ambao unapanda na kushuka bila kufuatana na miguu ya aliyesimama.

Vyombo vidogo vya mfano vilivyotumika kuigiza ajali vinatambulika kwa matone ya maji. Fundi anaweza kupunguza ukubwa wa mlingoti, kamba na watu, lakini hawezi kupunguza ukubwa wa tone. Wimbi likipiga ubavu wa chombo na matone yakaonekana makubwa kama madirisha, ujue unatazama kitu kinachoelea ndani ya tangi. Mafundi walijaribu kulificha hilo kwa kupiga picha kwa kasi kubwa kuliko kawaida, ili zikionyeshwa mawimbi yaende polepole na yaonekane mazito.

Mfano mzuri wa kuchanganya bahari mbili ni The Old Man and the Sea ya mwaka 1958, ambamo Spencer Tracy tena ni mvuvi, safari hii mzee. Sehemu kubwa ya picha zake akiwa kwenye mashua zilipigwa kwenye tangi la studio, lakini nduaro anayeruka juu ya maji ni wa kweli, kwa kuwa zilitumika picha za samaki aliyevuliwa na Alfred Glassell pwani ya Peru mwaka 1953, mwenye uzito wa kilo 707 hivi. Filamu hiyo ni ya rangi, basi linganisha rangi ya maji yanayomzunguka samaki na ya maji yanayoizunguka mashua. Kugundua mshono hakupaswi kukufanya uidharau filamu. Tangi ndilo lililowezesha uso wa mwigizaji uonekane kwa karibu na sauti yake isikike, na uso wa Tracy unastahili gharama hiyo.

Kinyume chake ni onyesho la jodari katika Stromboli ya Roberto Rossellini, ya mwaka 1950. Wavuvi wamesimama kwenye mashua zilizozunguka wavu mkubwa, wanauvuta juu mkono kwa mkono, maji katikati yanaanza kuchemka kwa mikia, na hatimaye jodari wanachomwa kwa kulabu na kupandishwa wakiwa bado wanapigapiga. Huo ulikuwa uvuvi wenyewe, na Ingrid Bergman, mwigizaji mkuu wa filamu, yuko pale karibu, akirushiwa maji. Ukifika hapo, acha kufuatilia hadithi ya ndoa ya mhusika wake kwa muda, na utazame migongo ya wale wavutaji.

Filamu inayojitangaza kuwa ukweli mtupu inahitaji tahadhari ya peke yake. Man of Aran ya Robert Flaherty, ya mwaka 1934, inaonyesha familia moja ya visiwa vya Aran nchini Ireland wakipambana na bahari na kuwinda papa wakubwa kwa chusa. Picha zake za mawimbi yakigonga majabali hazina mfano. Hata hivyo, baba, mama na mtoto hawakuwa familia moja. Walichaguliwa kutoka nyumba mbalimbali. Uwindaji wa papa ulikuwa umekwisha kuachwa visiwani humo miaka mingi kabla, ikabidi wanaume wafundishwe upya ili upigwe picha. Papa huyo naye hali watu, kwani chakula chake ni viumbe vidogo sana vinavyoelea majini. Itazame kama tamthilia iliyoigizwa na wenyeji mahali pao, nayo itakupa mengi. Usiichukue kama ushahidi wa namna watu wa Aran walivyoishi mwaka ule.

Kutazama na wenzako

Filamu hizi zinafaa kutazamwa na kundi, ilimradi anayeongoza awe ameziona kabla. Kwa La terra trema, isimamishe mara mbili tu. Simamisha baada ya soko la alfajiri, uwaulize waliopo nani anaweza kusubiri na nani hawezi, kisha uendelee bila kueleza zaidi. Simamisha tena baada ya dagaa kutiwa chumvi, uwaulize kimebadilika nini. Usisimamishe wakati wa dhoruba wala baada yake, kwa sababu kuanzia hapo filamu inakwenda kwa uzito wake yenyewe, na maelezo yatakuwa kero. Kwa Captains Courageous, kundi lenye watoto linafuatilia vizuri, ila waandae kwa kifo cha Manuel, maana kinaonyeshwa taratibu, naye ana fahamu zake na anaongea hadi dakika ya mwisho.

Mkishazimaliza hizo mbili, tafuteni Redes, iliyotengenezwa Mexico na kutolewa mwaka 1936, ikapigwa picha na Paul Strand pamoja na wavuvi wa Alvarado katika jimbo la Veracruz. Inachukua kama saa moja, kwa hiyo inatosha kuonyeshwa na kujadiliwa jioni moja. Inaanza na mvuvi anayemzika mtoto wake kwa kukosa fedha za matibabu, na muda si mrefu samaki wanafika mbele ya mnunuzi. Safari hii msisimamishe mahali popote. Kila mmoja aandike kwenye karatasi ni wakati gani aliona bei inapangwa na ni nani aliyeipanga, kisha majibu yasomwe kwa sauti kabla mtu yeyote hajaanza kutoa maoni kuhusu uzuri wa picha.